Wiki ya tatu baada ya baipasi: pafu limesinyaa, bega limekaza. Mazoezi gani?

Mwana wa Mzee: Wakuu, habari zenu. Mzee wangu yuko wiki ya tatu tangu apasuliwe kifua kwa ajili ya baipasi, yaani kuwekewa mshipa uliotolewa mguuni ili damu ipite kando ya mshipa wa moyo ulioziba. Eksirei inaonyesha pafu la kushoto limesinyaa sehemu ya chini. Ana kohozi ila anaogopa kukohoa, eti kidonda kitafumuka. Bega la kushoto limekaza, na mguu uliotolewa mshipa umevimba. Afanye nini, kwa kiasi gani?

Fizio Mkongwe: Pole kwa kuuguza, mkuu. Anza na mapafu. Kifua kikiuma mtu hupumua kijuujuu, kohozi linaziba njia ndogo za hewa, hewa iliyobaki nyuma yake inafyonzwa, pafu linanywea. Kwa hiyo ameze dawa ya maumivu aliyoandikiwa nusu saa hadi saa moja kabla ya zoezi. Bila hivyo mtahangaika bure.

Akae wima kitini, mabega yamelegea. Avute pumzi ndefu taratibu kwa pua, aizuie sekunde 3, aiachie bila kuisukuma. Mara 3 au 4 tu, kisha apumue kawaida. Akiunganisha nyingi atapata kizunguzungu. Halafu apulize kwa nguvu kiasi, mdomo wazi, kama anayetia ukungu kwenye kioo, mara 1 au 2. Kohozi likipanda ndipo akohoe, huku amekumbatia taulo lililokunjwa na kulikandamiza kidarini. Arudie mzunguko huo kwa dakika 10 hivi, mara kadhaa kwa siku. Kuhusu hofu yake ya kidonda kufumuka: mfupa wa kidari uliopasuliwa umefungwa kwa nyaya za chuma. Kohozi linalobaki ndani ndilo la kuogopa, maana huleta nimonia.

Mwana wa Mzee: Ahsante sana. Na bega? Tulielewa asiinue mkono kabisa.

Tiba Viungo: Hapana. Kinachozuiwa ni mzigo na kuvuta kwa mkono mmoja. Mkono ukibanwa ubavuni wiki nzima nzima, bega linaganda, na kulifungua ni kazi ya miezi. Azungushe mabega mara 10, kisha ainue mikono yote miwili pamoja, viwiko karibu na mbavu, aishie pale kidari kinapoanza kuuma. Mara 2 au 3 kwa siku. Kuinuka kitini: asogee ukingoni, arudishe miguu nyuma, ainame mbele, asimame kwa nguvu za mapaja. Mzigo usizidi kilo 4 au 5 mpaka daktari aruhusu. Mfupa huchukua kama wiki 8 hadi 12 kushikana. Kidari kikitoa mlio wa kugonga au kucheza anapogeuka, aache mazoezi ya mikono na aonwe, haraka zaidi kukiwa na usaha au homa.

Fizio Mkongwe: Naongezea mguu. Auinue anapokaa, akunje na kukunjua kifundo mara 20 kila saa. Shavu la mguu likiwa gumu, la moto na linauma, msilikande: huenda ni damu iliyoganda, aonwe siku hiyohiyo. Ikivimba miguu yote na uzito ukapanda kilo 2 ndani ya siku 2 au 3, ni maji yanajaa mwilini, mpigieni daktari.

Kutembea aanze dakika 5, mara 3 au 4 kwa siku, njia tambarare, akiongeza dakika 1 kila siku. Msitegemee kuhesabu mapigo kama anatumia dawa za kuyapunguza. Kipimo ni mazungumzo: aweze kumaliza sentensi akitembea. Akishindwa, apunguze mwendo. Kifua kikibana, jasho baridi likimtoka au moyo ukianza kudunda ovyo, akae papo hapo na muite huduma ya dharura.