Tupeane uzoefu: mbio za baiskeli za milimani za "nimekuja kujifurahisha tu"

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni wa sisi tunaoshiriki mbio za baiskeli za milimani bila kocha, bila mdhamini, na Jumatatu kazini kama kawaida. Nina hoja moja: sijawahi kukutana na mtu mstarini anayekiri kwamba amekuja kushindana. Huyu "leo nanyoosha miguu tu", yule "goti linanisumbua", mwingine "baiskeli imetoka kwa fundi jana". Filimbi ikilia, wote hao unawaona migongo.

Yangu haya hapa. Mbio zangu za kwanza zilikuwa mizunguko mitatu ya kilomita sita. Nilijiapiza nitakaa nyuma. Nikakaa nyuma sekunde kama kumi hivi, yule wa goti akanipita, nikaweka gia nzito nikamfukuzia. Dakika ya nne mlima ukaanza. Kifua kinawaka, mate yamekuwa gundi, nikashuka nikaanza kusukuma. Hapo ndipo aliponipita mzee mmoja na baiskeli ya kizamani, magurudumu ya inchi 26, haina hata shokapu mbele. Kaweka gia nyepesi, anazungusha pedeli taratibu kama fundi cherehani. Nikamwamkia kwa heshima zote, ila kilichotoka ni "Shi... moo" tu. Akajibu, "Marahaba, hujambo mwanangu? Nyumbani hawajambo?" Yote hayo mlimani, bila kuhema! Sijawahi kuaibishwa na salamu kiasi kile.

Haya, leteni yenu.

Tairi Bapa:
Mkuu, adui yangu mimi ni upepo. Mara ya kwanza nilijaza tairi hadi psi 50, nikiamini gumu ndilo linalokimbia. Kwenye lami sawa. Kwenye mizizi nilikuwa narushwa kama bisi. Mara ya pili nikapunguza mpaka 20, na ndani mna tyubu. Jiwe la kwanza tu, tyubu ikabanwa kati ya jiwe na rimu, ikatoboka matundu mawili sambamba, kama imeng'atwa na nyoka. Mimi nikaona moja. Nikakwangua, nikapaka solusheni, nikaipuliza ikauke, nikabandika kiraka kwa madaha huku watu wananipita na pole zao. Nikajaza upepo, nikapanda. Mita hamsini: fssss. Tundu la pili lilikuwa sentimita moja kutoka kwenye kiraka.

Siku hizi situmii tyubu, naweka ile dawa ya maji ya kuzibia ndani ya tairi. Nina kilo 70, nakaa psi 23 mbele na 26 nyuma. Ila dawa hiyo hukauka baada ya miezi michache. Tikisa gurudumu, usiposikia maji yakicheza, ongeza.

Mama Gia Nyepesi:
Kilichonikuta mimi ni lugha. Njia nyembamba ya mtu mmoja, niko mzunguko wa kwanza, wanaoongoza wameshaingia wa pili. Mmoja akapiga kelele nyuma yangu, "Kushoto!" Nikatii, nikaenda kushoto. Kumbe alimaanisha yeye ndiye anapitia kushoto. Tukaishia kichakani wote wawili, tumekumbatiana kama ndugu waliopoteana. Alicheka kabla yangu, na kwa kweli ndiyo sababu nilirudi tena. Tangu hapo mimi husema "napita kushoto kwako", neno moja halitoshi.

Na mnaoogopa kupitwa mzunguko mzima: kwenye mashindano makubwa ya UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, kuna kanuni ya asilimia 80, ukizidiwa sana na anayeongoza unatolewa njiani. Huku kwetu hakuna wa kukutoa. Labda giza.

Wa Pembeni:
Mimi nilifika, nikashusha baiskeli garini, nikagundua gurudumu la mbele limebaki nyumbani. Sina cha kuongeza.

Breki Moshi:
Kuna watu husema hizi zetu siyo mbio za kweli. Mbona mchezo wenyewe ulizaliwa hivi hivi? Oktoba 1976, vijana karibu na Fairfax, California, waliteremka mlima na mibaiskeli mizito ya kizamani yenye breki ya kukanyaga kinyumenyume, mmoja mmoja huku akipimwa muda, ili kumaliza ubishi wa nani mwepesi. Grisi ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, iliungua ikatoa moshi, wakifika chini lazima wapakie nyingine. Ndiyo maana mbio zile ziliitwa Repack, yaani "pakia upya". Miaka 20 baadaye mchezo ukaingia Olimpiki, Atlanta 1996.

Uzoefu wangu sasa: asubuhi ya mbio nilipulizia cheni mafuta kwa pupa, yakarukia diski ya breki ya nyuma. Nilijua kwenye mteremko wa kwanza.

Mkia wa Mbio:
Mimi sishindani. Naendesha wa mwisho kabisa, naokota alama za njia, naokota na watu. Nilichokiona huku mkiani: wengi hawapungukiwi pumzi, wanashika breki katikati ya kona huku wamelikodolea macho jiwe wanaloliogopa. Macho yakienda jiweni, baiskeli nayo inaenda jiweni. Breki shika kabla ya kona, halafu tazama unakotaka kutokea.

Kuna kijana aliangukia jiwe lile lile mzunguko wa kwanza na wa pili. Wa tatu nikatangulia, nikasimama mbele ya jiwe nikamwambia, "Nitazame mimi, hilo achana nalo." Akapita vizuri kabisa. Akaenda kuanguka kwenye nyasi tambarare, mita tano kabla ya kumaliza, akimpungia mama yake mkono.

Mleta uzi:
Nimecheka mpaka nimeulizwa kulikoni. Mimi nina mbio nyingine wiki ijayo. Nimemwambia mama watoto safari hii kweli naenda kujifurahisha tu. Akaniuliza, kama ni hivyo, chupa ya maji unaipima uzito ya nini?