Mjadala: Edward Blyden anastahili kuitwa baba wa Umajumui wa Afrika?

MLETA MADA
Wakuu, naomba tujadili hili kwa hoja. Siku hizi wengi wanamfufua Edward Wilmot Blyden na kumvika cheo cha baba wa Umajumui wa Afrika, yaani fikra ya umoja wa Waafrika na watu weusi wote, mbele ya vinara wake waliofuata: Garvey, Du Bois na Nkrumah. Msimamo wangu: asomwe, tena sana, lakini cheo hicho hapana.

Kwa asiyemfahamu, alizaliwa mwaka 1832 St. Thomas, kisiwa cha Karibi kilichokuwa chini ya Denmark, kwa wazazi waliokuwa huru. Mwaka 1850 alikwenda Marekani kusomea uchungaji, akakataliwa chuo kwa sababu ya weusi wake. Akapanda meli kwenda Liberia, nchi ya Afrika Magharibi iliyoanzishwa kwa ajili ya watu weusi waliotoka Marekani, kijana wa miaka 18. Huko alikuwa mwalimu, mchungaji, mhariri, waziri wa mambo ya nje na balozi mjini London. Mwaka 1866 alifunga safari hadi Misri na Lebanon kukinoa Kiarabu chake, akarudi kukifundisha Monrovia.

Kinachonifanya nimheshimu ni hotuba yake ya mwaka 1881, alipoapishwa kuongoza Chuo cha Liberia. Aliona kwamba kijana wa Kiafrika akilelewa na vitabu vilivyoandikwa Ulaya katika zama za biashara ya utumwa, anameza dharau dhidi yake mwenyewe bila kujua. Basi akataka wanafunzi washike Kigiriki na Kilatini, kwa kuwa waandishi wale wa kale hawakuandika hata neno moja la kumdhalilisha mtu mweusi. Juu ya hapo akaongeza Kiarabu na lugha za wenyeji. Mwaka 1881! Sisi hadi leo bado tunavutana kuhusu lugha ya kufundishia.

Lakini mtu huyo huyo aliwachukia machotara waziwazi, na aliwaandikia waliokuwa wakiwasafirisha watu weusi kutoka Marekani kwamba wenye damu mchanganyiko wasiletwe Afrika. Na Ulaya ilipotugawana, aliikaribisha Uingereza, akiamini kwamba itajenga barabara na utawala, kisha hali ya hewa itawarudisha kwao. Mwaka 1898 chifu Bai Bureh alipigana na Waingereza Sierra Leone kwa ajili ya kodi ya nyumba. Miaka mitatu baadaye Blyden akachukua kazi katika serikali hiyo hiyo, akisimamia elimu ya Waislamu.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, unamhukumu mzee wa karne ya 19 kwa macho ya leo. Machotara wa Liberia hawakuwa watu wanyonge. Lilikuwa kundi dogo lililoshika serikali na biashara, na wenyeji wa bara hawakuhesabiwa kitu. Blyden alitaka wenyeji wale waingizwe katika taifa. Unajua alilipwa nini? Mwaka 1871 kundi la watu lilimkokota mitaani Monrovia kamba ikiwa shingoni, akakimbilia Freetown. Mtu aliyepitia hayo, chuki yake ina chanzo.

Halafu fungua kitabu chake cha 1908 kuhusu maisha na mila za Waafrika. Anaeleza ardhi isiyo ya mtu mmoja, kazi ya pamoja, na jamii isiyomtupa mkongwe wala yatima. Mwalimu Nyerere alipoandika kuhusu Ujamaa mwaka 1962, hoja kama hiyo ilikuwa imeshasimama Afrika Magharibi zaidi ya nusu karne. Sasa ukimvua cheo huyu, utampa nani?

MCHANGIAJI WA PILI
Mimi naingia kwa mlango mwingine. Kitabu chake cha 1887 kuhusu Ukristo, Uislamu na watu weusi kinasema kwamba Uislamu ulimwacha Mwafrika asimame kwa miguu yake, ilhali misheni zilimfundisha kuiga. Alikuwa amefika Timbo, mji wa Waislamu wa Futa Jallon (Guinea ya leo), mwaka 1873, akaona shule na wasomi. Simbishii kwa alichokiona huko. Ila mwaka huo huo wa 1887 kitabu kinatoka London, Tippu Tip, mfanyabiashara Mwislamu wa Zanzibar, anafanywa gavana wa Stanley Falls (Kisangani ya leo) na Leopold, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo, baada ya miaka mingi ya kukusanya pembe na watumwa Manyema, mashariki mwa Kongo. Ndugu zetu wa Kongo ya mashariki wangemuuliza Blyden maswali mazito. Alichukua Afrika Magharibi akaifanya bara zima.

MLETA MADA
Mchangiaji wa pili, nakubaliana nawe kabisa, na hapo ndipo penye mzizi. Blyden aliwaza kwa jamii nzima nzima za watu: weusi, weupe, machotara, Waislamu. Mtu mmoja mmoja alimpotea humo.

Mchangiaji wa kwanza, chanzo cha chuki nimekielewa. Nijibu hili tu. Mkutano wa kwanza wa Umajumui ulifanyika London mwaka 1900, na tamko lake kwa mataifa ya dunia liliandikwa na Du Bois, mtu mwenye damu mchanganyiko. Mwaka 1911 Casely Hayford, mwanasheria na mwandishi wa Gold Coast (Ghana ya leo), alimsifu Blyden kuliko mtu yeyote, naye upande wa mama alitoka ukoo wa Brew, uzao wa mfanyabiashara kutoka Ireland. Kwa kipimo cha Blyden mwenyewe, hawa wawili tunawaweka wapi?