Naomba ushauri: filta ya mchanga au ya katriji, bwawa la nyumbani, maji ya kisima

Baba wa Kibada
Wakuu, habari zenu. Niko Kibada, Kigamboni, namalizia bwawa la kuogelea nyumbani. Ni mita 8 kwa 4, kina kinaanzia mita 1.2 hadi 1.8. Zege tayari, vigae bado, na sasa tumefika kwenye chumba cha mashine.

Nina makadirio mawili mezani. Fundi wa kwanza anataka filta ya mchanga ya inchi 16 na pampu ya HP 1.5 (nguvu farasi moja na nusu), anasema pampu kubwa ndiyo inayosafisha maji haraka. Wa pili ameshikilia katriji, ile filta ya kitambaa chenye mikunjo, kwa sababu haipotezi maji. Maji yangu ni ya kisima, yana chumvi kiasi, na yakilala kwenye ndoo asubuhi unakuta vumbi la rangi ya kutu limetuama chini. Kiangazi kisima kikichoka nanunua boza, kwa hiyo hoja ya huyu wa pili imeniingia.

Watoto ndio watakaoshinda humo, na wa mwisho ana miaka minne. Nataka nikisimama pembeni niione sakafu vizuri. Mliofunga kwa hela zenu, nisaidieni kabla sijalipa.

Fundi Bomba Tanga
Mkuu, usilipe chochote kwanza, tupige hesabu. 8 × 4 × wastani wa kina 1.5 ni mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Bwawa la nyumbani maji yote yapite kwenye filta mara moja ndani ya saa 6 hadi 8. Kwa hiyo unahitaji mita za ujazo 6 mpaka 8 kwa saa. HP 1.5 inasukuma zaidi ya mara mbili ya hapo.

Njoo kwenye filta sasa. Inchi 16 ina eneo la mchanga kama mita ya mraba 0.13. Mwisho wa maji ambayo mchanga unaweza kuchuja ni mita za ujazo 50 kwa saa kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo filta hiyo inabeba kama 6.5 tu. Ukiilazimisha kumeza 15, uchafu unapenya katikati ya mchanga na kurudi bwawani. Mwenye nyumba anaona maji yana ukungu, anaongeza klorini, watoto macho yanawawasha, na klorini haina kosa.

Geuza makadirio: filta kubwa, pampu ndogo. Chukua inchi 24 na HP 0.75. Hela unayookoa kwenye pampu iingie kwenye filta. Na ukiwasha saa 8 kwa siku, tofauti ya umeme kati ya pampu hizo mbili ni zaidi ya uniti 4 kila siku.

Mama Wawili Moshi
Mimi natumia katriji na sina malalamiko, lakini maji yangu ni ya bomba na ni safi tangu yanapoingia. Kwa uchujaji, katriji inashika chembe za maikroni 10 mpaka 20 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), mchanga ni 20 mpaka 40. Kuiosha nafungua kifuniko, naitoa, napitisha mpira wa maji mkunjo kwa mkunjo kuanzia juu kwenda chini, polepole, mpaka maji yanayodondoka yawe meupe. Ukiharakisha, uchafu unabaki ndani kabisa ya mikunjo.

Kwako wewe sikushauri. Kutu ikishaganda kwenye kile kitambaa haitoki kwa maji matupu, utakuwa unanunua katriji kila mara. Fanya hivi: jaza ndoo nyeupe maji ya kisima, tia klorini kidogo, acha usiku kucha. Yakigeuka kahawia, hiyo ndiyo kazi utakayoipa filta yako siku ya kwanza.

Mpemba wa Mbweni
Niongeze kuhusu kupoteza maji, maana hapo wengi tunatishwa. Kuosha mchanga kwa kugeuza maji, ile bakiwoshi, ni dakika mbili tatu. Kwa pampu yako ni lita 300 hadi 400. Ongeza dakika moja ya kusuuza. Jua la pwani likinywa milimita 5 kwa siku kwenye mita za mraba 32, hizo ni lita 160 kila siku! Kifuniko cha bwawa kitakuokolea maji mengi kuliko katriji.

Usioshe kwa mazoea. Andika geji ya presha kwenye filta inasoma ngapi mchanga ukiwa safi, ikipanda kwa psi 8 hadi 10 (psi ni kipimo cha presha) ndiyo uoshe. Na zima pampu kabla ya kugeuza mpini wa valvu, kila mara, hata ukiwa na haraka.

Baba wa Kibada
Nawashukuru sana. Ndoo nimeijaribu usiku, asubuhi imekuwa kama chai ya rangi. Naenda na mchanga, inchi 24. Fundi anasema mchanga wa ujenzi ukioshwa unafaa. Na maji ya bakiwoshi niyaelekeze shimo la choo?

Fundi Bomba Tanga
Yote mawili hapana. Nunua mchanga wa silika uliochekechwa, milimita 0.5 hadi 0.8, utakaa miaka 5 mpaka 7. Mchanga wa ujenzi punje zake hazilingani, maji yanajichimbia njia na kupita bila kuchujwa. Shimo la choo litajaa, na klorini itaua bakteria wanaolifanyia kazi. Chimba shimo la mawe pembeni, mbali na kisima na mbali na bustani ya mboga.

Mama Wawili Moshi
Baba, sakafuni umeweka matundu mangapi ya kunyonya maji?

Baba wa Kibada
Moja, katikati.

Mama Wawili Moshi
Tafadhali lizibe kabisa kabla ya vigae. Tundu likiwa moja, mtoto akilifunika kwa mgongo au nywele zikaingia, pampu inamshikilia chini, na mtu mzima anaweza kushindwa kumng'oa. Nyonya kwa skima mbili za pembeni, yale matundu ya ukutani yanayovuta maji ya juu, kwa ukubwa huo zinatosha. Na uzio wenye geti linalojifunga lenyewe usisubiri bajeti ya mwakani.

Baba wa Kibada
Nimempigia fundi sasa hivi. Kesho asubuhi linazibwa, nitakuwepo mwenyewe.