Diski ya seva ya PostgreSQL inajaa, nafuta lakini nafasi hairudi

KijanaWaKibokoni
Asalaam aleikum jamani. Mie naangalia kompyuta za ofisi moja ya kliaringi hapa mjini, karibu na Marikiti. Seva yetu ni moja tu: Ubuntu, PostgreSQL 14 (ndiyo databezi yetu), diski ya 200 GB. Ijumaa niliiacha 88%. Leo kahawa hata sijaimaliza, makarani washaanza kelele mfumo mzito. Kupiga df -h nione diski imejaa kiasi gani, 96%.

Nikafuta rekodi za makontena za 2016 hadi 2018, mistari zaidi ya milioni mbili (nakala nishaiweka diski ya nje). Haikurudi hata megabaiti moja. Tena ndiyo imezidi kujaa! Nataka nipige VACUUM FULL (ya kubana jedwali ili nafasi irudi) kwenye jedwali la makontena ila moyo wasita. Kesho meli yashusha, na bosi kashaniuliza mara tatu.

Mwanabahari
Ingia folda ya pg_wal ufute faili za zamani. Ni logi tu hizo.

FundiMtopanga
Kijana, usiguse! Mwanabahari, folda hiyo zamani ikiitwa pg_xlog. Watu wakiona "log" wakadhani takataka, wakafuta, na databezi ikakataa kuwaka. Ndipo toleo la 10, mwaka 2017, likaibadilisha jina. Kila badiliko huandikwa humo kwanza kabla halijafika kwenye majedwali.

VACUUM FULL nayo iache. Yaandika jedwali zima upya pembeni ndipo ifute la zamani, nawe umebakiwa na 8 GB. Na DELETE haiirudishii mashine nafasi. Huacha matundu ndani ya faili, PostgreSQL yenyewe iyajaze baadaye. Juu ya hayo, kila mstari uliofuta umeandikwa pg_wal, ndiyo maana diski imezidi.

Nipe ukubwa wa data na wa pg_wal kwa du -sh, na jibu la hii, ya kuorodhesha sloti (alama ya seva ya nakala imefika wapi kusoma pg_wal):

SELECT slot_name, active FROM pg_replication_slots;

Mliwahi kuwa na seva ya pili?

KijanaWaKibokoni
Subhanallah. Data ni 41 GB, pg_wal ni 139 GB! Sloti iko moja, "changamwe", active ni f, yaani hapana anayeitumia.

Kweli, tulikuwa na seva ya nakala kwenye godauni la Changamwe. Godauni tulilirudisha kwa mwenyewe baada ya Idi, mashine nikaileta mwenyewe kwa tuktuk. Iko chini ya meza yangu, naiwekea miguu.

FundiMtopanga
Hahaa! Basi seva yako yamngoja mwenzake. Yamwekea kila faili, 16 MB moja moja, kwa hesabu yako ni karibu elfu tisa, na hapana aliyeiambia kuwa mwenyewe yuko chini ya meza. Nami yalinifika haya Ramadhani moja, daku likanipita.

SELECT pg_drop_replication_slot('changamwe');
CHECKPOINT;

Ya kwanza yaondoa sloti, ya pili yalazimisha mabadiliko yote yaandikwe kwenye majedwali. Kisha kaa, faili zile seva itazifuta yenyewe. Ujue tu kwamba ukiitaka nakala tena, itabidi uinakili upya toka mwanzo. Halafu weka max_slot_wal_keep_size = '20GB', kikomo cha pg_wal ambayo sloti yaweza kushikilia. Ipo tangu toleo la 13, na usipoiweka sloti hushikilia bila kikomo.

Mwanabahari
Nimekoma. Nilikuwa nakaribia kumfilisi mtu.

KijanaWaKibokoni
27%!! CHECKPOINT ilichukua kama dakika mbili, nami nimekodoa macho kwenye df kama anayengoja feri Likoni. Kikomo cha 20GB nimeweka, nikapiga pg_reload_conf seva isome mipangilio upya, haikutaka hata kuzimwa.

Bosi kaja kuuliza ilikuwa nini. Nimemwambia "diski", nikasogeza miguu. Jumapili ofisi ikiwa tupu nitaiwasha ile mashine nianze nakala upya. Fundi, ukishuka mjini mahamri na mbaazi ni juu yangu.