Bei ya kwenye skrini na bei unayopata: tofauti inatoka wapi?

Kapu_la_Hisa:
Wakuu, naomba ufafanuzi. Skrini inaonyesha hisa inauzwa 10.02. Ukiweka oda ya soko ya kununua hisa 5,000, wastani unatoka karibu 10.08, na hakuna habari yoyote iliyotangazwa. Huyu ni dalali anachakachua, au soko ndivyo lilivyoundwa? Na mbona hisa nyingine ya bei hiyohiyo, soko hilohilo, haina shida hii?

mizani77:
Dalali msamehe, mkuu. Hiyo 10.02 ni bei ya hisa chache zilizo mbele ya foleni. Fungua kitabu cha oda, yaani orodha ya oda zote zinazosubiri, kila moja na bei yake. Tuseme upande wa wauzaji uko hivi:

10.02 – hisa 300
10.03 – 500
10.05 – 1,200
10.08 – 2,000
10.15 – 4,000

Oda ya soko haiulizi bei. Inameza ngazi baada ya ngazi mpaka ishibe, na hisa zako 1,000 za mwisho zimenunuliwa kwa 10.15. Jumla 50,391, wastani 10.078. Ni 291 zaidi ya hesabu uliyopiga kichwani, na ada bado.

Weka oda yenye kikomo cha 10.05. Utapata 2,000 papo hapo, na 3,000 zilizobaki zitakaa kitabuni kama oda ya kununua. Ubaya wake ni mawili: bei ikipanda unaachwa, na kila mtu anaona kuna mnunuzi mwenye njaa. Ndiyo maana wenye oda kubwa hukata vipande au huficha sehemu ya kiasi. Lakini kwenye masoko mengi kiasi kilichofichwa huhudumiwa baada ya kilicho wazi kwa bei hiyohiyo, kwa hiyo kujificha nako kuna nauli yake.

foleni_mbele:
Swali la pili jibu lake ni hatua ya bei, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho bei inaruhusiwa kusogea. Ikiwa 0.01 kwenye hisa ya 10, aliyewahi foleni anarukwa na mtu aliyeboresha bei kwa 0.01 tu. Kuwahi hakuna maana, basi oda kubwa haziwekwi wazi. Hatua ikiwa 0.05, kuruka foleni ni ghali. Oda zinarundikana kwenye bei moja na kina, yaani wingi wa hisa zinazosubiri, kinaongezeka, ila mnunuzi mdogo analipa pengo pana kati ya bei bora ya kununua na bei bora ya kuuza.

Marekani iliyaona yote mawili. Mwaka 2001 walitoka kwenye sehemu ya 1/16 ya dola kwenda senti 1: pengo likapungua, na kiasi kilicho kwenye bei bora nacho kikapungua. Jaribio la 2016 hadi 2018 la senti 5 kwa kampuni ndogo likaleta kinyume chake.

mizani77:
Sawa, lakini muulizaji kasema bei moja, soko moja. Hatua ya bei ni ileile hapo. Tofauti ni nani anayefanya biashara upande wa pili. Mtengeneza soko, yule anayekaa tayari kununua na kuuza muda wote, hupoteza kila anapouziana na mtu anayejua kitu ambacho yeye hajui, na hasara hiyo huifidia kwa pengo analowatoza wengine wote. Wachumi Glosten na Milgrom walionyesha mwaka 1985 kwamba pengo litakuwepo hata kama gharama zake nyingine zote ni sifuri. Hisa yenye wajuzi wengi na wanunuzi wa kawaida wachache lazima iwe na kitabu chembamba.

foleni_mbele:
Hapo nakubali, nilisoma swali haraka.

Kapu_la_Hisa:
Nimeelewa. Na oda ya kukata hasara, ile inayouza hisa zako yenyewe bei ikishuka hadi kiwango ulichoweka, inanilinda?

chunga_kina:
Inategemea aina. Ile ya kawaida, bei ikigusa kiwango chako, inageuka oda ya soko, na inageuka wakati ambao wanunuzi wameshakimbia. Ukiweka 9.50, hiyo ni kengele tu. Unaweza kuuzwa 9.10.

Mfano wa wazi ni 6 Mei 2010. Muuzaji mmoja aliachia programu iuze mikataba 75,000 ya E-Mini (ahadi za kununua au kuuza siku ya mbele) ya faharisi ya hisa za Marekani ya S&P 500, yenye thamani ya takriban dola bilioni 4.1, kwa kufuata 9% ya biashara ya dakika iliyopita, bila kujali bei wala muda. Kampuni za kasi, zinazofanya biashara kwa kompyuta ndani ya sehemu ya sekunde, zilikuwa zikirushiana mikataba ileile, biashara ikaonekana nyingi, programu ikazidi kuuza. Wingi wa biashara si ukwasi, yaani si urahisi wa kununua au kuuza bila kusukuma bei! Mteremko ulikatika baada ya soko la Chicago kusimamisha mikataba hiyo kwa sekunde 5 tu, muda uliotosha wanunuzi kurudi. Kwenye hisa zenyewe, oda za soko zilikuta kitabu kitupu na baadhi zikatekelezwa kwa senti 1.

Ipo oda ya kukata hasara yenye kikomo: kichochezi 9.50, kikomo 9.40. Bei ikiruka hadi 9.30 bila kusimama njiani, hauuzi kabisa, unabaki na hisa zako. Kwa hisa yenye kitabu kama hicho chako, 5,000 ni nyingi mno kwa oda moja ya aina yoyote. Zipeleke kwenye mnada wa kufunga, ule wa mwisho wa siku ya biashara, kama soko lako linao, maana kule oda zote hukutanishwa kwa bei moja.