Mrejesho: vifaa vya kuongeza kwenye pikipiki mpya ya porini

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza nianze na kifaa gani kwenye pikipiki yangu mpya ya porini, huku moyoni nimeshapania ekzosi. Wengi mlinijibu: kinga kwanza, springi pili, makelele baadaye.

Nilifunga bamba la chini ya injini na kinga za mikono, zile zenye chuma ndani. Wiki ya pili tu nikaanguka kwenye mawe. Mkono wa klachi mzima, bamba limebonyea kama sufuria kuukuu. Ila linashika matope, na kila nikimwaga oili lazima nilifungue lote. Nimezoea.

Aliyesema nipime nyuma inashuka kiasi gani nikikaa na mavazi yote, ubarikiwe. Ilishuka milimita 125 badala ya kama 100. Nina kilo 95, springi za kiwandani zilikuwa laini mno kwangu. Nimebadilisha za mbele na nyuma, sasa gurudumu la mbele halinikimbii kwenye kona. Hili ndilo limenipa raha kuliko yote.

Sproketi ya nyuma nimeongeza meno mawili. Inapanda milima vizuri, lakini mnyororo ukawa mfupi, ikabidi ninunue mwingine.

Na ekzosi? Nilikaidi, nikanunua. Sikugusa jeti za kabureta, vile vitundu vya kupimia petroli, ikawa inapiga baruti kila nikiachia mafuta, na plagi ikatoka nyeupe, dalili kwamba injini inapata petroli kidogo mno. Nimerudisha ya zamani. Mpya iko chini ya kitanda.

Asanteni sana.