Mume wangu anatakiwa asaini kama "surety" wa mdogo wake, Kerala. Ni shahidi au mdaiwa?

Bint Pangani
Habari zenu wakuu. Nimeolewa India, jimbo la Kerala, tunaishi Kozhikode. Mume wangu ni mwajiriwa wa serikali ya jimbo. Shemeji, mdogo wake, ameshinda zamu kwenye chitti, ule upatu wa kwao unaosimamiwa na kampuni, lakini hapewi fedha mpaka alete wadhamini wenye mshahara. Fomu ni ya Kiingereza, na mume wangu anatakiwa asaini penye neno "surety". Nyumbani wanasema kwa Kimalayalam ni jamyam, neno ninalolisikia kwenye taarifa ya habari mtu anapotolewa mahabusu. Mama mkwe anasema ni kumshuhudia ndugu tu. Sina raha. Tuna watoto na tunategemea mshahara huo mmoja. Nizungumze vipi na mume wangu bila kuonekana natenganisha ndugu?

Mzee wa Ruwi
Binti yangu, shahidi kwa Kimalayalam ni sakshi. Jamyam ni dhamana, na anayeisimamia huitwa jamyakkaran. Ni kama dhamana yetu, ya mahakamani na ya mkopo zote zimo humo, ndiyo maana unalisikia kwenye habari za mahabusu. Mama mkwe wako kachanganya na ushahidi bila nia mbaya. Nimefanya kazi na Wamalayali hapa Muscat miaka mingi. Chitti ni jambo la heshima kwao. Serikali ya Kerala yenyewe ina kampuni yake, KSFE, tangu 1969. Usimwone shemeji tapeli kwa kuomba mdhamini.

Wakili wa Mtaani
Dada, elewa kwanza kwa nini mdhamini anatakiwa. Chukua chitti ya watu 40, kila mmoja rupia 5,000 kwa mwezi, miezi 40. Kapu ni 200,000. Kila mwezi kuna mnada: anayekubali kukatwa zaidi ndiye anayechukua, na kilichokatwa, kikitolewa ujira wa msimamizi, wanagawiwa wanachama. Ukichukua mwezi wa 6, umebakiza michango 34, yaani 170,000 kabla ya gawio. Fedha umeshakula, sasa unadaiwa. Hapo ndipo mume wako anapoingia.

Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, kifungu cha 128, inasema wajibu wa mdhamini unalingana na wa mdaiwa mwenyewe, isipokuwa mkataba useme vingine. Mahakama ya Juu kabisa ya India ilishasema katika kesi ya Bank of Bihar dhidi ya Damodar Prasad kwamba mdai halazimiki kummaliza mdaiwa kwanza ndipo amfuate mdhamini. Shemeji akikwama, wanaweza kuanza na mumeo. Kifungu cha 145 kinampa mumeo haki ya kumdai mdogo wake alicholipa, ila fikiria mwenyewe kumdai ndugu wa tumbo moja. Sheria hiyo hiyo ilitumika Tanganyika enzi za Mwingereza, na yetu ya 1961 imefuata nyayo zake.

Mama Nasra
Marehemu baba alimdhamini mwenzake wa kazini kwenye SACCOS. Mwenzake akaacha kazi, makato yakahamia kwa baba. Mdogo wangu alikaa nyumbani muhula mzima kwa ajili ya ada. Mwambie asisaini.

Mzee wa Ruwi
Mama Nasra, pole sana. Ila kule, mkubwa akikataa bila kutoa njia nyingine, maneno hayaishi. Binti, shemeji ana kiwanja au akiba benki? Kampuni za chitti hupokea pia dhahabu, hati ya ardhi au amana ya benki.

Bint Pangani
Ahsanteni sana. Ana kiwanja alichorithi, na mkewe ana dhahabu, lakini hiyo siwezi kuitaja mimi.

Wakili wa Mtaani
Dhahabu iache. Mumeo aulize mambo matatu kabla ya kalamu: kiasi kilichobaki kimeandikwa wapi, wadhamini wengine ni nani, na kwa nini hati ya kiwanja isitangulie. Wakiwa wadhamini wawili au watatu, kwa kawaida mzigo wanagawana sawa wao kwa wao, ingawa kampuni inaweza kumdai mmoja wote. Na aombe nakala ya kila ukurasa atakaosaini.

Bint Pangani
Nimemsomea jibu lako lote. Amekaa kimya, kisha akampigia mdogo wake kuuliza habari za hati. Wanaonana Jumapili.